Kesi ya Mashine ya Presha

Sokoni walimwita Bwana Gramu, na jina hilo hakulichukia hata kidogo. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa mkaguzi wa mizani, na katika miaka yote hiyo hakukuwa na mizani hata moja aliyoiamini kwa kuitazama tu. Mizani ya nyama, ya unga, ya misumari, ya vyuma chakavu, zote kwake zilikuwa washtakiwa mpaka zijitetee. Akiingia dukani, mwenye duka alianza kutoka jasho kabla hata ya salamu. Yeye, asiye na haraka, alifungua kisanduku chake, akatoa jiwe la shaba la kilo moja, akaliweka juu ya sahani, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa mshale. Zikipungua gramu tatu, mkono ulikwenda mfukoni kutoa stika nyekundu. Wako watu wazima waliowahi kutokwa machozi mbele ya stika ile.

Kwa hiyo siku sista wa zahanati alipomfunga mkanda mkononi, na mashine ya presha ikanguruma, ikakaza, ikalegea, kisha ikaandika 178 kwa 108, yeyote aliyemfahamu angeweza kubashiri kitakachofuata.

"Mashine hii ilikaguliwa lini?" Bwana Gramu aliuliza.

Sista alikuwa mama wa makamo, miwani yake ikining'inia kwenye kamba, na sauti yake haikuzoea kubishiwa. "Baba, presha yako iko juu. Juu sana."

"Nimesikia. Nauliza ilikaguliwa lini, na nani, na kwa kipimo gani."

Sista alimpima tena, ikaja 174 kwa 106. Akahamia mkono wa pili, ikaja 180 kwa 110.

"Umeona mwenyewe?" Bwana Gramu alisema, akiegemea kiti kama mtu aliyekwisha kushinda kesi. "Umepima mara tatu, imetoa majibu matatu. Haijui hata yenyewe inasema nini."

Tusimcheke mapema, maana mzaha huu ulikuwa na uzito wake. Ofisi ilikuwa imemteua kuongoza msafara wa ukaguzi wa vijijini: wiki sita barabarani, gari, dereva, na lile sanduku kubwa la mawe ya shaba ambalo kwa kawaida halitolewi chumba cha vipimo. Aliungoja msafara huo miaka tisa. Kila mwaka waliteua mtu mwingine, na kila mwaka mtu huyo alirudi akiwa ameruka nusu ya maduka. Safari hii zamu ilikuwa yake, mradi tu fomu ya afya irudi Ijumaa ikiwa na sahihi ya zahanati. Bila sahihi angebaki ofisini kupanga mafaili mpaka astaafu, na mafaili kwake yalikuwa jehanamu yenye vumbi.

"Siku hizi una mawazo?" Sista aliuliza.

"Sina mawazo. Nina kazi."

Alikuwa navyo vyote viwili, na vingine zaidi. Mizani zote za mji zilitakiwa kupigwa muhuri kabla ya mwisho wa mwezi. Mama yake mzazi alikuwa ameanguka akavunjika mguu, sasa kitanda chake kimewekwa sebuleni, katikati kabisa, na kutoka hapo aliendesha nyumba kwa sauti. Shemeji yake, mdogo wa mkewe, alikuja kukaa wiki mbili akisubiri kuitwa kazini, na wiki hizo mbili zilikuwa zimeingia mwaka wa nne. Na maji yalikuwa ya mgawo mji mzima, siku mbili kwa wiki, yakija yana rangi ya chai. Bwana Gramu aliamini kabisa kwamba mzigo wote huo ulikuwa mabegani mwake.

Sista alifungua kabati, akairudisha mashine ndani ya mkoba wake, akamkabidhi. "Tunawaazima wagonjwa. Nenda nayo nyumbani. Jipime asubuhi na jioni, uandike, Ijumaa uniletee. Ikiwa imeshuka, nasaini. Haijashuka, sisaini, na unaanza dawa siku hiyohiyo. Punguza chumvi, tembea kidogo, lala. Wala usipuuze, baba. Kuna watu wanatembea nayo hivihivi, hawaumwi popote, mpaka siku wanaanguka."

Katika maneno hayo yote, Bwana Gramu alisikia jambo moja tu: mshtakiwa alikuwa amekabidhiwa mikononi mwake, kwa siku saba.

Sasa, mizani hukaguliwa kwa jiwe ambalo uzito wake unajulikana. Hilo ndilo jambo la kwanza alilofundishwa ujanani, na hakuwahi kuhitaji la pili. Ukitaka kujua kama mizani ni mwongo, usibishane naye, mwekee kilo moja ya kweli uone atasemaje. Mashine ya presha nayo ingekaguliwa vivyo hivyo. Angetafuta watu ambao presha zao zinajulikana, awafunge mkanda mmoja mmoja, aandike. Alinunua daftari jipya, akachora mistari kwa rula, na juu ya ukurasa wa kwanza akaandika kwa herufi kubwa: UCHUNGUZI.

Yeye mwenyewe alijipima pia, kwa kuwa aliahidi. Ilikuja 176. Kesho yake 179. Hizo aliziandika kwa penseli.

Wa kwanza kufungwa mkanda alikuwa shemeji. Hoja ya Bwana Gramu ilikuwa hivi: mwanamume wa miaka thelathini na minne, mwenye afya, asiye na kazi, anayekula kwa dada yake miaka minne, lazima moyo wake usiku na mchana unasutwa. Aibu peke yake ingetosha kupasua mkanda. Shemeji alikuwa kwenye kochi, miguu juu ya meza, na hakuinuka. Alinyoosha tu mkono.

"Inauma?" aliuliza.

"Inategemea dhamiri yako, shemeji."

Mashine ilinguruma. 116 kwa 74.

Bwana Gramu aliitikisa mashine, akaisikiliza kama saa, akapima tena. 114 kwa 74. Shemeji alikuwa ameanza kusinzia. "Hizo ni nzuri au mbaya?" aliuliza akiwa amefumba macho.

"Ni za ajabu," Bwana Gramu alisema, akaandika kwa wino.

Wa pili alikuwa mama yake. Bibi kizee huyu alikuwa na miaka themanini na moja, na tangu amevunjika mguu alikuwa amegombana na kila mtu aliyemkaribia, akiwamo fundi aliyekuja kumtengenezea redio. Asubuhi hiyo alikuwa anafoka kwa sababu mto wake umegeuzwa upande usio wake. Bwana Gramu alimfunga mkanda wakati huohuo, katikati ya ugomvi, akitarajia tarakimu za kutisha.

"Unanifunga nini? Mimi mwizi?"

"Nakupima presha, mama."

"Pima ya kwako! Umekonda shingo kama kuku wa mnada!"

128 kwa 78. Kwa umri ule, hata daktari angempa mkono wa pongezi. Bwana Gramu alikaa chini, akashika tama, akaitazama mashine kwa jicho jipya. Mtu mvivu, safi. Mtu mgomvi, safi. Wazo lilianza kumjia, ila yeye hakuwa mtu wa kukimbilia wazo kabla ya vielelezo kutimia, kwa hiyo siku ya tatu aliichukua mashine kwenye mkoba akaenda nayo sokoni, kwa muuza nyama wa kona.

Muuza nyama huyu na Bwana Gramu walikuwa na historia ndefu. Stika nyekundu sita kwa miaka kumi na moja. Safari moja alikutwa amebandika sumaku chini ya sahani, na alipoulizwa akasema ni ya kuvutia wateja. Kama kuna mtu katika mji ule ambaye damu yake ilipaswa kwenda mbio akimwona mkaguzi anaingia na mkoba asioufahamu, ni yeye.

"Leo sikukagui mizani," Bwana Gramu alimwambia. "Nakukagua wewe. Kunja shati."

Muuza nyama aligeuka rangi. Akatazama mlango wa nyuma, akatazama mizani yake, akameza mate, akakunja shati. Wateja walisogea kuona. Mashine ikanguruma, na mama mmoja aliyekuja kununua mifupa akauliza kwa sauti kama hiyo ndiyo mashine mpya ya kugundua waongo.

120 kwa 80. Kitabuni kabisa.

"Nimefanya nini?" muuza nyama aliuliza kwa sauti nyembamba.

"Hicho ndicho ninachokitafuta," Bwana Gramu alimjibu, akafunga mkoba, akaondoka. Wiki nzima iliyofuata muuza nyama alipima kilo zilizotimia, na wakati mwingine akazidisha, asijue kwa nini.

Lilibaki jiwe la mwisho, na hilo Bwana Gramu alilihifadhi kwa makusudi, kwa kuwa ndilo aliloliamini kuliko yote. Mkewe.

Mkewe alifanya kazi mamlaka ya maji, kwenye chumba cha kupokea malalamiko kwa simu. Kazi yake ilikuwa kutukanwa. Mtu akifungua bomba likatoa hewa, alipiga simu, na aliyepokea ni yeye: "Pole sana mteja wetu, niambie uko mtaa gani." Katika siku hizi za mgawo alipokea simu mia moja na zaidi kwa zamu, na kila moja alianza na pole ileile, kwa sauti ileile, hata mji mzima ukamwita Mama Pole bila kuwahi kumwona uso. Akirudi nyumbani alimgeuza mama mkwe, akambadilishia shuka, akachota maji kwenye pipa kama yapo na kuyaulizia jirani kama hayapo, akapika, akaokota soksi za mdogo wake chini ya kochi. Miaka ishirini na mbili ya ndoa, Bwana Gramu hakuwahi kumsikia akipaza sauti. Kama utulivu ungekuwa na kipimo cha taifa cha kutunzwa ndani ya sanduku la kufuli, angekuwa yeye.

Alimkuta jikoni, mwiko mkono wa kulia.

"Nakuhitaji dakika moja," alimwambia.

"Vitunguu vinaungua."

"Nusu dakika. Nataka uwe jiwe langu la kilo moja."

Mkewe alicheka. "Miaka yote hii, baba watoto, hujawahi kunitamkia maneno matamu hivyo." Alikaa ukingoni mwa kigoda, akanyoosha mkono wa kushoto, wa kulia ukiendelea kukoroga. Sebuleni mama mkwe aliita kuuliza dirisha limefunguliwa na nani. "Ni mimi, mama, nakuja kulifunga!" Mashine ikanguruma.

194 kwa 112.

Bwana Gramu alirudia. 192 kwa 112. Na hapo, jamani, furaha iliyompata mtu yule haielezeki. Alipiga paja, akambusu mkewe kwenye paji la uso, akazunguka jikoni kama aliyetangaziwa mshindi. Kesi ilikuwa imekwisha! Mvivu safi, mgomvi safi, mwizi kitabuni kabisa, na mwanamke mtulivu kuliko wote mjini ndiye wa kutisha. Mashine haikuwa mbovu tu, ilikuwa inasoma kinyume, na kama inasoma kinyume, basi yeye mwenye 178 alikuwa mzima kama jiwe la shaba.

Mkewe alizitazama zile tarakimu muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika.

"Ni kubwa?" aliuliza.

"Ni za uongo!"

"Haya," alisema, akazima jiko, akaenda kufunga dirisha.

Siku mbili zilizobaki alimpima tena mara nne, akitembea, akikunja nguo, akisubiri pipa lijae. Kila mara tarakimu zilikuja kubwa, na kila mara Bwana Gramu alizishangilia. Mara ya nne mkewe alimwambia kichwa kinamgonga tangu majuzi, labda ni zile spika za masikioni za kazini. Alimwambia azilegeze kidogo.

Ijumaa asubuhi alifika zahanati kabla ya mlango kufunguliwa, amevaa tai. Alikuwa na mashine, daftari, na ripoti ya kurasa tatu yenye majedwali, hitimisho na mapendekezo. Pendekezo la kwanza lilikuwa mashine iondolewe katika huduma. La pili lilikuwa fomu yake isainiwe.

Sista alisoma yote, kwa kumheshimu. Alipofika kwa muuza nyama alikohoa, akageuka dirishani kidogo, mabega yakitikisika. Alipofika ukurasa wa tatu aliacha kucheka.

"Hii mia moja tisini na nne ni ya nani?"

"Ya jiwe la kilo moja. Yaani mke wangu. Ndiyo ushahidi mkuu."

Sista aliweka karatasi chini. Alikwenda kwenye kabati la nyuma, akarudi na kisanduku kirefu cha chuma, akakifungua. Ndani yake mlisimama mrija wa kioo wenye mistari midogomidogo, na chini ya mrija, zebaki.

Mashine zenye betri Bwana Gramu alizidharau, lakini zebaki ilikuwa jambo jingine. Zebaki hupanda kwa nguvu iliyoisukuma na kusimama hapo, haina waya wala maandishi ya kuwaka na kuzima. Katika chumba cha vipimo ofisini kwao walikuwa na mrija kama huo, na watu waliupita wakiwa wamepunguza sauti. Bila kuambiwa, alivua koti.

"Utasoma mwenyewe," Sista alisema. "Mimi nitasikiliza mapigo, nitakuambia "sasa" yakianza kusikika na "sasa" yakipotea. Kwanza kwa zebaki, halafu mashine yako, mkono uleule."

Bwana Gramu aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Zebaki ilipanda, ikatulia, ikaanza kushuka polepole.

"Sasa," Sista alisema.

Mia moja sabini na sita.

"Na sasa."

Mia moja na nane.

Kisha mashine. 177 kwa 108.

Walirudia, kwa kuwa yeye ni yeye. Walimwita mfagizi wa zahanati, wakampima kwa zote mbili, zikatofautiana kwa mbili. Wakampima Sista mwenyewe, zikalingana. Bwana Gramu alikuwa amekagua mizani elfu kadhaa maishani, na mizani iliyosimama vile mbele ya kipimo cha kweli ilistahili muhuri wa mwaka mzima. Alifungua mdomo kusema hivyo, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki hata kwa adui. Akaufunga.

Kama mashine ilikuwa kweli kwake, ilikuwa kweli kwa wote. Shemeji alikuwa mzima kwa sababu hakubeba chochote. Mama yake alikuwa mzima kwa sababu hakubakiza neno hata moja tumboni. Muuza nyama, Mungu amsamehe, alikuwa mzima basi tu. Na aliyebaki kwenye jedwali, kwa wino mweusi, mara tano, amepigiwa mstari chini kwa rula, alikuwa mkewe. Mistari ile aliichora yeye, huku akipiga mluzi.

Aliogopa, na hakuona haya kuogopa.

"Alisema kichwa kinamgonga," alisema taratibu. "Nikamwambia alegeze spika."

"Ulipompima, alikuwa amekaa dakika tano kwanza? Kimya, ameegemea, miguu chini?"

Bwana Gramu alifikiri. Alitaka kujibu kwa usahihi, na usahihi ndio uliomuumiza. "Sista, sijawahi kumwona amekaa dakika tano."

"Basi pengine zimezidi kidogo. Pengine. Mlete sasa hivi, si jioni." Kisha aligusa ile fomu iliyokuwa mezani bado. "Na hii?"

"Andika ulichokiona," Bwana Gramu alisema akiwa mlangoni, koti mkononi. "Umeona kwa zebaki. Utaandika nini kingine?" Wiki sita za barabarani zilimtoka hivyo, na hakugeuka kuziaga.

Chumba cha malalamiko kilikuwa na meza kumi na mbili, na meza nane hazikuwa na watu. Mkewe alikuwa kwenye meza ya dirishani, spika masikioni, vidole viwili vimekandamiza paji la uso. "Pole sana mteja wetu. Ndiyo. Una haki ya kukasirika. Niambie uko mtaa gani." Alimwona mumewe, akashtuka, akafunika kinasa sauti kwa kiganja. "Mama kaanguka tena?"

"Mama mzima. Wote wazima. Inuka twende."

Msimamizi wa zamu, kijana mwenye kalamu nne mfukoni, alikuja mbio. "Samahani mzee, haiwezekani. Kuna wateja kumi na tisa wanasubiri kwenye laini hii."

Bwana Gramu alimtazama. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa stika nyekundu, akaondoa karatasi ya nyuma, na akaibandika katikati ya simu ya mkewe, akiikandamiza pembe zote nne kwa kidole gumba. Msimamizi aliinama kusoma: KIFAA HIKI KIMEZUIWA KWA AMRI YA MKAGUZI. KUKITUMIA NI KOSA.

"Lakini hii ni simu," msimamizi alisema. "Si mizani."

"Leta malalamiko kwa maandishi," Bwana Gramu alimwambia. Katika miaka ishirini na sita ilikuwa stika yake ya kwanza isiyo halali.

Njia nzima mkewe alilalamika kwa sauti yake ya chini. Hajamaliza zamu. Hajaweka maharage majini. Leo ni siku ya maji mtaani kwao na pipa liko tupu. Bwana Gramu alimshika mkono, kitu ambacho hawakukifanya barabarani tangu uchumba, akamsikiliza mpaka wakafika.

Sista alimpima mara moja kwa zebaki, harakaharaka, kujua hali. 186 kwa 110. Hakuficha uso wake. "Mama, umekuja siku nzuri. Ungekuja mwezi ujao labda ungeletwa. Dawa utaondoka nazo leo, hilo halina mjadala. Ila nataka kipimo cha pili kilichotulia. Kaa kile kiti, egemea, miguu chini, usiseme na mtu, na mtu asiseme nawe. Dakika tano."

"Dakika tano nifanye nini?" mkewe aliuliza.

"Usifanye kitu."

Alikaa kama mgeni kwenye nyumba ya watu, mkoba magotini. Bwana Gramu alikaa pembeni, na kwa mara ya kwanza alikuwa hana swali. Saa ya ukutani ilikwenda. Dakika ya kwanza mkewe alitazama mlango. Dakika ya pili alitazama mikono yake, akaigeuza, kana kwamba anatafuta ilichosahau kushika. Dakika ya tatu kichwa kiliegemea ukuta. Ya nne haikumkuta. Alikuwa amelala, mdomo wazi kidogo, fofofo, mchana kweupe, kwenye kiti cha mbao.

Simu ikatetema ndani ya mkoba. Bwana Gramu aliivuta polepole, kama anayeiba yai chini ya kuku, akasogea kona.

"Mkwe wangu!" sauti ya mama yake ilivuma. "Maji yamekuja, pipa halijawekwa bombani, na huyu mdogo wako anauliza kiberiti kiko wapi, anataka chai!"

"Ni mimi, mama."

"Wewe? Mkwe wangu yuko wapi?"

"Amelala."

"Amelala? Saa tano hii? Kwani anaumwa?"

Alimtazama mkewe. Vidole vyake vilikuwa bado vimekunjwa nusu, kama vimeshika kitu.

"Ndiyo, mama. Anaumwa," alisema. Na kwa kuwa ukweli ulikuwa umeshaanza kutoka, aliuacha utoke wote. "Na mimi naumwa."

"Mungu wangu." Mama yake alivuta pumzi, na safari hii hakufoka. "Sasa kiberiti?"

Bwana Gramu alitaka kumwelekeza. Alijua kilipo kila kisanduku cha mawe ya shaba katika jengo zima la ofisi, gizani angekifikia. Jikoni kwake mwenyewe hakujua hata rafu ya kuanzia.

"Sijui kinakaa wapi," alisema. "Mwambie ainuke akitafute. Na pipa alipeleke yeye."

Alipogeuka, Sista alikuwa amesimama mbele ya kiti na mkanda mkononi, akiangalia saa. "Dakika tano zimetimia," alinong'ona.

"Najua zimetimia," Bwana Gramu alisema. "Mwongezee."

Sista alimtazama, akamtazama na mkewe, akauning'iniza mkanda kwenye msumari.